Betri Nne za Rodell

Odessa Tolliver ana ugomvi wa miaka mingi na serikali, na ugomvi wenyewe ni juu ya saa moja ya usingizi. Kila Machi, Jumapili moja, watu huamka wakakuta saa zimesogezwa mbele, mpaka Novemba zirudishwe nyuma, na mtu aliyelala kwa muda wa saa saba anaambiwa kalala nane. Odessa alipanga barua posta miaka thelathini na moja, akiamka kabla jua halijafikiria kutoka, kwa hiyo thamani ya usingizi anaijua. Huo anauita wizi, na huutangaza kanisani wakati wa matangazo, mchungaji akikodoa macho tu.

Lakini siku hiyohiyo ana kazi ambayo hamwachii mtu. Watu wote wa Chatham, huku kusini mwa Chicago, hubadilisha betri za king'ora cha moshi Jumapili ya kusogeza saa. Ndivyo zimamoto walivyotuzoesha tangu zamani. Odessa naye hubadilisha, akinung'unika, kisha hushika mbao za ngazi akateremka chumba cha chini ya nyumba. Huko hubadilisha betri nyingine nne, zile nene za redio, zilizo tumboni mwa kisanduku cha marehemu mdogo wake, Rodell.

Ukikiona kisanduku chenyewe huwezi kukipa hata salamu. Chembamba, rangi ya fedha, kina vibonye vya kinanda chini na mstari wa vidude vya kuzungusha juu. Kilitengenezwa kimsaidie mwanamuziki asiye na mpiga gitaa la besi, na kazi hiyo kilishindwa kabisa. Sauti yake na ya gitaa ni mbingu na ardhi. Waliokiunda wakaacha kukiunda. Rodell alikiokota duka la vitu vya rehani mwaka 1985, na humo ukatoka muziki mmoja uliochapwa kwenye santuri, santuri ikavuka bahari, na mpaka leo wapo watu wazima Uingereza na Japani ambao wakiusikia sekunde tano tu wanavua mashati. Rodell hakufanya tena kitu kama hicho. Aliuza rangi za nyumba miaka ishirini na miwili, akanenepa, akafurahi, na moyo ukamsimama mwaka 2009.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo kisa kilipo. Kisanduku kile hakina kaseti wala sahani ya kuhifadhia kitu. Kinakumbuka kwa betri tu. Ukizitoa betri kikiwa hakijachomekwa kwenye umeme kinasahau yote, na mahali pa kumbukumbu kinajijazia upuuzi wake chenyewe. Kwa hiyo Rodell, hospitalini, mipira ya hewa imemjaa puani, hakumuusia dada yake habari za kaburi wala za mazishi. Alimwambia achomeke umeme kwanza, awashe, ndipo atoe betri. Akamtaka ayarudie maneno hayo naye, kama mtoto anayefundishwa sala. Odessa alilishika neno hilo miaka kumi na mitano, Machi na Novemba, hakukosa hata mara moja.

Mwaka huu alikosa. Februari walimpasua goti, wakamwambia asikaribie ngazi mpaka majira ya joto. Rafiki yake Claudine Pettway, wa nyumba ya tatu, akahamia kwake kumuuguza. Claudine ni mwanamke wa kusafisha. Akikaa kwako wiki moja hata vijiko vyako huvitambui tena. Jumapili ya saa ilipofika, Odessa akiwa kitandani mguu juu ya mto, alimwambia abadilishe betri za king'ora cha moshi, na zile za kisanduku chini. Hakusema zaidi. Habari ya kuchomeka umeme kwanza ilikuwa imemkaa mwilini kiasi kwamba haikumjia kuitamka, kama vile humwambii mtu avue kofia kabla ya kuvaa gauni. Claudine akateremka, akatoa betri, akapangusa vumbi ndani kwa pamba na spiriti, akatia mpya, akapanda juu na kujisifu.

Mwezi wa tano ndipo Odessa alipojipalia makaa. Kamati ya mtaa ilikutana, ile kamati iliyotundika kibao pembeni mwa barabara cha kukataza kuosha magari, kucheza mpira, kukaa vibarazani kwa makelele na, nadhani, kupumua kwa nguvu. Mwenyekiti ni mzee Thaddeus Boykin, mtu wa tai hata Jumamosi. Siku hiyo alikuwa na habari njema: diwani amekubali kona yetu iwekewe kibao cha heshima, kile cha kahawia ambacho jiji huwatundikia watu wa kukumbukwa, chenye jina la Rodell Tolliver. Kitafunuliwa Jumamosi ya sherehe ya mtaa, mwezi wa saba, na mashabiki wameshaanza kuandika barua, mmoja wao Mwingereza aitwaye Keith aliyekwisha kata tiketi.

Watu wakapiga makofi. Odessa angekaa akala keki yake, tukamaliza. Lakini sifa zilimpanda kichwani, akasimama na fimbo yake akasema kwamba muziki ule, si nakala, wenyewe, upo hai ndani ya kisanduku nyumbani kwake tangu 1985, na siku hiyo ataupiga mbele ya watu. Boykin akaandika kwenye ratiba, kwa kalamu ya wino.

Jumanne, siku nne kabla ya sherehe, goti likamruhusu. Aliteremka ngazi moja moja, akachomeka, akawasha, akabonyeza. Kilichotoka hakukijua. Kilikuwa kitu cha kurukaruka, kinapanda pasipo sababu, kinateleza, kinasita, kinajikwaa. Alibonyeza tena. Kilekile. Akaketi juu ya ndoo ya rangi iliyobaki tangu enzi za marehemu.

Claudine alimkuta hapohapo. Odessa akamuuliza kwa upole, na upole wa Odessa unatisha kuliko ukali wake, kama Machi alichomeka umeme kabla ya kutoa betri. Claudine akasema hapana, mtu gani anachokonoa kitu kikiwa na umeme, afe? Halafu akaona uso wa mwenzake, akaelewa, akaanza kulia. Alilia kweli, yule mama, aproni usoni, akisema amemuua Rodell mara ya pili.

Odessa alitaka kumfokea. Alikuwa na maneno tayari, makali, yamepangwa foleni. Lakini alipomtazama jinsi mabega yanavyotikisika, kicheko kikamtoka badala yake, na kilipoanza hakikukamatika. Claudine akashusha aproni, akadhani shoga yake amerukwa na akili.

"Kaa chini," Odessa akamwambia. "Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu tangu nizaliwe. Na ukilitoa nje, nakufungia mlango."

Mwaka 1985 Odessa alikuwa na miaka ishirini na minane na Rodell ishirini na mmoja, wote wanakaa nyumba hiihii kwa mama yao. Rodell alikuwa amejifungia wiki tatu na kile kisanduku, akikiingizia besi nota moja moja, ili kipige kama gitaa kwenye harusi ya binamu yao. Jumapili moja ya Oktoba akatoka kwenda kununua sigara za mama. Timu ya jiji ilikuwa inacheza, ule mpira wetu wa kukumbatiana na kuangushana, na mwaka huo haikuwa inamwacha mtu salama. Odessa alikuwa nyuma ya nyumba anachoma mbavu, redio ikamfia katikati ya mchezo. Angefanyaje? Aliingia ndani, akafungua tumbo la kisanduku, akachukua betri nne. Timu ikashinda. Mbavu zikaiva vizuri. Betri akazirudisha, na ulimwengu akauona hauna kasoro.

Rodell aliporudi na kubonyeza, wiki tatu zilikuwa zimeyeyuka. Kisanduku kilikuwa kinatoa mlio wa chura aliyekwama kwenye bomba. Alimtukana dada yake matusi ambayo mama yao, chumba cha pili, aliyahesabu kwa sauti. Odessa alicheka mpaka akashika ukuta. Na katika hasira hiyo, akitaka kumwonyesha ubaya aliofanya, Rodell akaanza kuzungusha vile vidude vya juu, huku na huku, kwa fujo tu. Chura akanyooka, akalia, akanguruma, akalainika. Odessa akaacha ukuta, akasogea karibu. Kisha Rodell akasema kwa sauti ndogo, kama anaogopa kukiamsha, "Dessa, shika hiki cha tatu. Mikono yangu imejaa." Akashika. Alikizungusha taratibu, akakirudisha, akakifungua tena, kama mtu anayepunguza na kuongeza moto wa jiko akisikiliza mchuzi unasemaje. Kanda ya kaseti ya kurekodia ilikuwa inazunguka pembeni. Muziki ambao Keith wa Uingereza anauvulia shati ndio huo, mwanzo hadi mwisho, pamoja na mama yao akigonga ukuta.

Baadaye sifa zilipokuja, na waandishi wakawa wanapiga simu kutoka ng'ambo kuuliza Rodell aliutunga vipi, aliwaambia aliuwaza wiki tatu. Si uongo mtupu. Wiki tatu zilikuwapo. Akamwomba dada yake asiitoboe siri. Watu wakijua kwamba ni ajali ya betri, alisema, watasema Rodell Tolliver hakufanya kitu. Odessa akaapa.

Claudine alisikiliza yote mdomo wazi. Kisha, kwa kuwa ana akili ya haraka, akapendekeza waifiche santuri nyuma ya pazia, ipigwe kutoka hapo, na Odessa ajifanye anabonyeza. Odessa akamuuliza kama ndivyo anavyoimba kwaya. Alhamisi wakajaribu njia halali, kusikiliza santuri na kuingiza nota upya moja moja. Lakini maelekezo ya kile kisanduku hata waliokibuni nadhani waliyaogopa. Kufika nota ya nane Odessa alibonyeza kitu, zikatoweka zote nane, na ule upuuzi wa Machi, uliokuwa umekaa kwenye nafasi nyingine ya kumbukumbu, ukaanza kurukaruka tena kana kwamba unamcheka.

Ijumaa hakula. Alilolihofia si aibu yake. Aibu yake angeibeba, amekwisha zika wazazi na mdogo wake, aibu ni kitu gani? Alihofia jina la Rodell. Akipiga upuuzi ule bila maelezo, watu watasema muziki umekufa mikononi mwa dada mtu. Akieleza kwa nini upuuzi ule una haki ya kupigwa, kiapo kimevunjika, na kibao cha kahawia kitakuwa kimetundikiwa mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakufanya kitu.

Jumamosi ikaja na jua lake. Barabara ikafungwa kwa meza za kukunja. Kulikuwa na mbavu, soseji kali zilizoogeshwa mchuzi mwekundu mtamu, makaroni ya jibini aina sita zinazochukiana, na keki ya pichi ya Claudine ambayo hairuhusiwi kukatwa kabla ya sala. Mashabiki walikuwapo, wamevaa fulana zenye uso wa Rodell akiwa kijana mwembamba, na wajane wa mtaa wakawa wanaulizana huyo mvulana mzuri ni nani. Keith alikuwa mzee mwekundu wa kichwa kilichoungua kwa jua, mpole, ameshika santuri yake kifuani kama mtoto mchanga.

Diwani akavuta kamba, kitambaa kikaanguka, jina likasomeka. Odessa akalia kidogo, kilio cha kawaida. Ndipo Boykin akamkaribisha mezani. Lazima niseme kwamba Boykin huyu wa tai, mwaka 1985, ndiye aliyekuwa mpiga santuri wa ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na ndiye wa kwanza kuupiga muziki wa Rodell hadharani. Siku hiyo ya kwanza watelezaji walichanganyikiwa, wawili wakagongana, mmoja akang'oka jino. Jumapili iliyofuata yule wa jino ndiye aliyeuomba upigwe tena. Sasa Boykin alikuwa pembeni ya Odessa na kisanduku chake cha zamani cha kutoa mlio wa ngoma, amekipangusa, vidole tayari.

Keith akaomba kipaza sauti. Alisema amesubiri miaka thelathini na sita kuuliza swali moja, na kwa kuwa Rodell hayupo, anamuuliza dada yake. Alipokuwa anautunga, Rodell alikuwa anawaza nini?

Hata watoto kwenye kasri la mpira la kurukia wakapunguza makelele. Odessa alimtazama Claudine, na Claudine akatazama keki. Akakitazama kibao. Akatazama ile santuri kifuani mwa yule mzee, pembe za jalada lake zimechakaa kwa kushikwashikwa. Mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya mdogo wake hawezi kulishwa habari za kupika.

"Hakuwa anawaza," akasema. "Alikuwa ananitukana."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Basi akawaeleza. Mbavu, redio, timu, betri nne, matusi, mama akigonga ukuta. Hakuruka kitu. Akafika Machi mwaka huu, akamkingia kifua Claudine kwa kusema kosa ni lake yeye Odessa, aliyetoa amri nusu. Mwisho akainua uso kuelekea kile kibao. "Dell, nisamehe. Nimekutunzia siri miaka thelathini na tisa, imenishinda. Ulisema watasema hukufanya kitu. Mimi nilikuwapo. Wengine wote kisanduku kikiwaharibikia wangekirudisha dukani. Wewe ulikisikiliza."

Kisha akabonyeza, kabla hajapata muda wa kuogopa.

Upuuzi wa Machi ukatoka kwenye spika, mkubwa, mchafu, unajikwaa. Watu walitazamana. Boykin alisikiliza raundi mbili, kichwa kimeinama, halafu akaitia ngoma chini yake, dum, dum, dum, dum, na ule upuuzi ghafla ukawa na pa kusimama. Odessa akaweka vidole kwenye kidude cha tatu. Alikizungusha taratibu, akakirudisha, akakifungua tena. Mlio ukanyooka, ukalia, ukalainika, na kutoka nyuma ya meza za mbavu sauti ya mwanamke mmoja ikapasuka kwa furaha. Wazee wa ukumbi wa magurudumu, waliokuwa wamekuja na viatu vyao kwa ajili ya picha tu, wakashikana viuno wakafanya treni, wakashuka mtaa mzima wakiteleza, pamoja na magoti yao ya bandia. Keith alivua shati. Hakupendeza, lakini alikuwa analia na kucheka pamoja, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia avae.

Boykin aliinama sikioni mwa Odessa bila kuacha ngoma. Tai ilikuwa imekwenda pembeni.

"Mkono huo naujua," akamwambia. "Nimeupiga kila Jumapili miaka minne. Siku zote nilidhani ni wa Dell."

Odessa aliendelea kuzungusha, machozi yanamdondokea kwenye vibonye, na Claudine akaja na kitambaa kukipangusa kile kisanduku, machozi yasije yakaingia ndani.

Kibao kipo hapo konani mpaka leo, na habari za betri zimekwisha kufika ng'ambo. Rodell alikosea, hakuna aliyesema hakufanya kitu. Keith ameandika kwamba huko kwao sasa wapenzi wa muziki huo wanabishana kama dada mtu naye apewe kibao, na Odessa amejibu kwamba afadhali wamrudishie saa yake ya Machi.

Novemba serikali ikairudisha, kama kawaida, bila riba. Odessa alilala mpaka akachoka, akabadilisha betri za king'ora, kisha akateremka chini na Claudine nyuma yake. Claudine alikuwa amebeba betri nne mpya kwa mikono miwili, na kabla hata taa haijawaka alikwisha kushika waya wa umeme, ameuelekeza ukutani, anasubiri ruhusa kama askari. Alisema safari hii hata akiamshwa usingizini hatasahau: kuchomeka kwanza, kuwasha, ndipo kutoa.

Odessa aliketi juu ya ndoo ya rangi, akanyoosha goti, akakipangusa kisanduku kwa kiganja.

"Weka waya chini, shoga," akasema. "Zitoe hivihivi. Tusikie mwaka huu Dell anasemaje."